Usipoonyeshwa Maiti

Ninyi mnaohukumu picha kwa simu mkiwa mmelala kitandani, haya ni yenu. Mimi kazi hiyo niliifanya nimesimama. Nilisimama mlangoni mwa kibanda cha video pale Bwera, mpakani na Kongo, tangu enzi za kaseti hadi enzi za flashi, na magoti yangu ni shahidi. Vijana wa redio moja ya Kasese, wanaosema picha hewani kila Jumamosi, ndio walioniomba niandike kabla sijasahau. Sisahau. Lakini nimeacha kazi, na mtu aliyeacha kazi hata kuandika anaweza.

Shule niliishia darasa la tatu. Naandika polepole, kama mtu anayepanda mahindi, mbegu moja moja. Kiswahili changu nilikiokota kwa wanajeshi na kwa Wakongo wa sokoni, kwa hiyo anayetafuta sarufi aende kwa wenye vyeti. Wana vyeti lakini hawajui kwa nini mtu analia kwenye giza akimlilia asiyemjua. Mimi najua, nimewaona wakitoka macho mekundu, wanasema ni vumbi.

Kabla ya mlango nilikuwa mgongo. Kasese walinijua kwa mgongo tu: nilibeba deki, televisheni na jenereta kutoka kibanda hadi kibanda, na picha nilizionea kwenye ufa wa ubao. Hivyo nilizoea kuona nusu. Nusu ya farasi, nusu ya bunduki, nusu ya busu. Nusu nyingine nilijaza mwenyewe, na mara nyingi ya kwangu ilikuwa nzuri kuliko yao.

Aliyenitoa kwenye mzigo ni Thembo, mwenye kibanda cha Bwera. Alikuwa amepita jeshini, na jeshi lilikuwa halijamtoka mdomoni. Sote tulimwita afande, hata mkewe. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, karibu na soko, na madirisha kayaziba kwa magunia ya kahawa. Siku yangu ya kwanza aliniweka ndani asubuhi, peke yangu, akawasha picha.

"Kaa. Tazama mpaka mwisho. Ukilala nitakujua."

Nikatazama. Ilipoisha akaja na chai mkononi, yake.

"Ina nini?"

"Ina vita, afande."

"Vita viko bure huko ng'ambo. Hakuna anayevuka mto kuja kuvitafuta kwangu. Ina nini?"

"Kuna mtu anataka kurudi kwao."

"Nani anamzuia?"

"Ndugu yake."

"Na mwisho? Unashibisha, au unamtoa mtu na njaa?"

"Unashibisha, afande. Ila mapenzi yamezidi chumvi."

"Basi kawaambie hivyo hivyo. Simama! Mlangoni!"

Akanipa kipaza sauti cha mkono. Ndiyo shule yangu yote. Anataka nini, nani anamzuia, mwisho unashibisha au la. Nimesikia kuna watu wanasomea jambo hili miaka na miaka. Wanachelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku za soko, wafanyabiashara wa Beni na Butembo walivuka mto Lhubiriha na mizigo yao, wakauza, na kabla ya kurudi walitaka kukaa mahali penye kivuli wasahau kidogo. Picha zilikuja zimetiwa Kiluganda na wafasiri wa Kampala, na Kiluganda si chao. Walihitaji mtu wa kuwaambia kwa Kiswahili, mlangoni, wanaingia kwenye kitu gani. Thembo alinipa sheria mbili. Mlangoni hatudanganyi. Mlangoni hatusemi mwisho.

Nilimwuliza, "Na picha ikiwa mbaya, afande?"

"Sema mbaya. Leo watakwenda kwa jirani. Soko lijalo watarudi kukuuliza wewe."

Mara ya kwanza nilipotangaza kwamba picha ni mbaya, kibanda kilibaki kitupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Thembo aliingia akaketi peke yake, akaitazama yote kwa adabu, akatoka akasema, "Ni mbaya kweli," akaenda kula. Tangu hapo sikuogopa.

Vifaa: kipaza sauti, betri za akiba zilizoanikwa juani zipate nguvu, spiriti na kipande cha shuka la zamani cha kusafishia kichwa cha deki, na jiwe la kuzuia mlango. Kiti sikutumia. Mtu akikaa anaanza kusema uongo, sijui kwa nini.

Na majina. Majina ya Wazungu hayakai kinywani, na mtu hawezi kumhurumia asiyeweza kumtamka. Kwetu kila mtoto ana jina la zamu yake ya kuzaliwa, basi na watu wa picha niliwapa yao. Msichana akiwa wa kwanza kwao ni Masika. Mvulana mwenye kaka mkubwa ni wa pili, na wa pili huku tunamwita Bwambale, kama mimi, na ng'ambo wanamwita Kambale. Ni jina lile lile, limevuka mto tu. Wakongo walikuwa wengi, basi nilitumia la kwao. Watu wakishajua kwamba yule mwenye bunduki ni mtoto wa pili, wanamwelewa papo hapo. Watoto wa pili ni wakaidi.

Baadaye nikapata sheria yangu mwenyewe, hii haikuwa ya Thembo. Nilishaona picha nyingi zenye sehemu ya pili, nikajua ujanja wao. Mtu anaanguka mtoni, au nyumba inamlipukia, watu wanalia, na picha ijayo huyo anakuja na ndevu. Nikaanza kuwaambia watu kwenye kipaza sauti: usipoonyeshwa maiti, usilie. Vijana waliipenda kuliko wimbo. Mtu akianguka tu kwenye picha, kibanda kizima kinapiga kelele, "Maiti iko wapi?" Kwa picha, sheria hiyo ni kweli mpaka leo. Andikeni.

Sasa nije kwenye picha ngumu kuliko zote nilizohukumu, na haikuwa ngumu kwa sababu ya picha.

Sokoni kulikuwa na Mama Kambale, muuza chumvi ya Katwe. Alitoka upande wa Beni na mumewe mgonjwa, ambaye alifia huku, na mkaza mwana wake Mbambu, binti wa Bugoye, upande wetu huu, aliyeolewa ng'ambo. Vita walikimbia pamoja na mwanawe Kambale, mume wa Mbambu, lakini wakiwa njiani aligeuka nyuma. Mama alikuwa ameacha kakao kwenye mkeka, imeanikwa, na kijana akasema haiwezekani mavuno ya mwaka yaliwe na watu wasiolima. Akarudi kuichukua. Mtu wa kijiji chao aliyekuja baadaye alisema waliokuwa kwenye shamba lile hawakutoka. Lakini hakuona kwa macho yake, na hakuna aliyeona.

Mama Kambale alikataa matanga. Kila mnunuzi wa chumvi aliyetoka ng'ambo alimwuliza, kabla hata ya kupima: "Kule hamukusikia Kambale, ule wa kakao?" Hawakusikia. Akapima, akafunga, akamwuliza anayefuata. Na Mbambu akabaki hapo, si mke si mjane. Kwetu mwanamke hawezi kurudi kwao wala kuanza maisha mengine kabla ya matanga kuisha na kichwa kunyolewa. Kwao Bugoye walikuwa wamemtengea shamba kule Mubuku, kwenye mfereji wa maji. Lilikuwa likilimwa na wengine.

Basi ikaja picha ya vijana wa ukuta, sehemu ya kwanza. Picha za namna hii mnazijua. Dunia imekwisha, wakubwa wote ni wabaya, na wa kuikomboa ni watoto ambao kwao wasingekabidhiwa hata mbuzi. Hii ilikuwa na mji mmoja uliobaki, ukuta mrefu, na maji yaliyofungwa kwa kufuli. Mtoto akikua anapigwa muhuri shingoni, na muhuri ndio unaosema atakunywa kiasi gani. Masika anataka kutoka. Mdogo wake Kambale, mvulana wa pili kwao, anashika lango la chuma kwa mabega ili dada apite. Dada anapita. Lango linaanguka. Vumbi. Imeisha.

Nilitangaza mlangoni kwamba ni habari ya siku zijazo, na muuza vitenge mmoja wa Butembo alitoka amekasirika kabisa.

"Bwambale! Weye ulisema ni siku zenye zitakuya. Bariyeri, karatasi, mustari ya maji? Ile ni juzi, bwana!"

Vizuizi vya njiani na foleni za maji alikuwa amezipitia kwao. Jibu lake nalitafuta mpaka leo.

Mama Kambale aliingia kwa sababu alisikia jina kwenye kipaza sauti. Akarudi soko lililofuata, na lililofuata tena. Lango lilipoanguka, vijana walipiga kelele, "Maiti iko wapi?" na yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa, ametulia, kama mtu anayesikiliza padri wake mwenyewe. Ndipo nilipoanza kuelewa sheria yangu ilikokwenda.

Sehemu ya pili ilipofika kwenye flashi, niliiangalia asubuhi, peke yangu, kama siku zote. Thembo alikuwa ameshafariki, lakini bado nilitazama mpaka mwisho bila kulala. Hukumu yangu ni hii. Mbio ni nyingi kuliko maneno. Masika amepata mchumba mpya kabla nguo za kwanza hazijachakaa. Dunia imekwisha, hakuna anayelima, hakuna anayepika, na wote meno meupe. Shangazi hayupo hata mmoja, na ndiyo maana watoto wanaongoza. Halafu kwenye dakika za mwisho mlango unafunguliwa, na anayesimama hapo ni Kambale. Mzima. Ana kovu dogo shavuni, la urembo. Anatabasamu, picha inakatika, inasema itaendelea.

Nilikaa pale. Jenereta ikaendelea kula mafuta bure.

Habari hazikungoja soko. Vijana wenye simu walikuwa wameshaona, na neno likazunguka kwamba Kambale yuko hai. Siku moja kabla ya soko, Mbambu alinikuta nyuma ya kibanda nikianika betri. Alisimama mbali, kama wanavyosimama wakwe.

"Mzee Bwambale, nakuomba kitu. Hiyo picha, kesho sema ni mbaya. Sema hata mashine imeharibika."

"Picha ni mbaya kweli. Hilo nitalisema."

"Mama hatakusikia. Sema haipo. Akiona huyo mtu anarudi, basi. Atangoja mpaka anazikwa, na mimi niko pale."

"Mwanangu, mlangoni sidanganyi."

Alitazama betri zangu.

"Mzee, watu wanafikiri nataka bwana. Sitaki bwana. Mimi nataka tu kuwa mjane."

Akaondoka. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza.

Sheria ya Thembo ilikuwa ya mlangoni. Meza ya chumvi iko mbali na mlango. Nikachukua kofia yangu nikaenda.

"Eh, Bwambale kinywa kikubwa," akasema Mama Kambale aliponiona. "Batu banasema Kambale iko muzima mu picha ya mbili. Ni kweli?"

"Ni kweli. Anarudi mwishoni. Yuko hai."

Akapiga kofi moja kwa furaha, chumvi ikaruka. "Nilisema miye! Hawakuonyesha maiti! Si weye mwenyewe unasema?"

"Mimi nasema. Sasa nikuambie hukumu yangu. Picha ni mbaya, na ubaya wake uko pale pale anaporudi."

"Uko na wivu. Mubaya kwa nini?"

"Lango la chuma limemwangukia. Anarudi na viatu vile vile, kamba zimefungwa."

"Labda alipewa ingine."

"Vile vile, Mama. Nimevitazama kuliko nilivyomtazama usoni. Tena tangu aanguke, dada yake amezunguka nchi nzima, na yeye hakutuma neno. Hata kwa mpita njia. Anatokea tu, anacheka."

Akaanza kuchota chumvi, akairudisha kwenye gunia lile lile.

"Alipofika, aliuliza mama yake?"

"Hakuuliza."

"Hata kidogo?"

"Hata jina hakutaja. Ukitaka, kesho utaona mwenyewe."

Si kazi yangu kumaliza maneno ya mtu. Wakaja wanunuzi wawili wa ng'ambo, wana vumbi la safari, wakasalimia, wakataka chumvi. Akawapimia. Akawafungia. Wakamshukuru, wakaenda zao. Nilisubiri swali lake, na wao nadhani walilisubiri, maana mmoja aligeuka kumtazama. Hakuwauliza kitu.

"Wangu angeuliza mama kwanza," akasema, akikunja gunia. "Mbele ya maji, mbele ya yote. Na angekuwa muzima angetuma mutu. Hapa ni mto tu, Bwambale. Haiko ukuta."

Kesho yake nilisimama mlangoni nikasema yangu. "Masika anataka kubomoa ukuta. Mkubwa wa mji anamzuia. Mwisho haushibishi. Anayeingia aingie akijua." Kibanda kilijaa mpaka magunia ya madirishani yakatuna. Watu ukiwaambia mwisho haushibishi wanaingia kuhakikisha.

Mama Kambale akaja, akaketi kwenye ubao wake wa siku zote. Mbambu hakuja. Nilisimama ndani kidogo ya mlango, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo. Ukafika mwisho, mlango ule ukafunguliwa, Kambale wa picha akatokea, na vijana wakaruka juu. "Tulisema! Tulisema! Maiti haikuonekana!" Wengine walinigeukia wananishangilia kana kwamba nimemfufua mimi.

Katikati ya kelele hizo ikatoka sauti ya mama wa chumvi, kavu kabisa:

"Muangalie viatu!"

Wakaangalia. Kikatoka kicheko kilichotikisa mabati. "Kweli bwana, viatu vile vile!" "Lango halikukanyaga viatu!" Wakatoka wakicheka, na yeye akatoka wa mwisho, hacheki wala halii. Akasimama mbele yangu.

"Utanitangazia."

"Picha gani, Mama?"

"Picha!" Akanitazama kama mtu mjinga, na nilikuwa mjinga. "Matanga."

Watu walikuwa bado wamejaa pale nje, na soko lilikuwa halijavunjika. Nikainua kipaza sauti. Nimetangaza picha miaka mingi kiasi kwamba sijui namna nyingine ya kusema habari ya mtu, basi nikasema kwa namna hiyo.

"Kambale, mwana wa Mama Kambale wa chumvi. Alitaka kumletea mama yake kakao. Walimzuia. Maiti hakuna. Mwisho ni Jumamosi, nyumbani kwa mama yake. Kila mtu aje."

Kijana mmoja, mkubwa wa wapiga kelele wote, alivua kofia. Hilo ndilo tangazo langu la mwisho. Kipaza sauti nilikitundika ndani kwenye msumari wa Thembo, na aliyekichukua baada yangu anakitumia vizuri, isipokuwa anakaa kwenye kiti.

Jumamosi walikata mgomba, kama inavyofanywa kwetu mtu asipopatikana, wakaufunga katika blanketi na kuulaza kaburini. Waliobeba ni vijana wa kibanda. Katekista aliyesali alitaja jina kwa sauti, Kambale, na mimi Bwambale nikahisi baridi kidogo, maana jina ni moja. Udongo ulipokwisha, Mama Kambale alimkalisha Mbambu kwenye kigoda uani, akamnyoa mwenyewe, kwa mikono yake, polepole, akipuliza nywele zisimwingie machoni.

Alipomaliza, alikuja kunawa karibu na nilipokaa. Ndiyo, siku hiyo nilikaa.

"Haya, muamuzi," akasema. "Weye unahukumu yote. Hii inashibisha?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu hakuuliza kwa mzaha.

"Haishibishi, Mama. Lakini imeisha."

Akaitikia kwa kichwa, akakung'uta maji mikononi, akamwita mjane wa mwanawe aje wapakulie watu chakula.